Kukaa kimya, kujitetea au kusimamia hoja: taasisi ya elimu isiyo ya faida ichague lipi?

Bodi nyingi za taasisi za elimu hulijadili suala hili siku mbaya: muswada umeshasomwa bungeni, waandishi wa habari wanapiga simu, na wafanyakazi wameanza kurushiana maneno kwenye kundi la WhatsApp. Siku hiyo swali huwa moja tu: "Tutoe tamko au tusitoe?" Ni swali bovu, maana limebeba maswali matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kampeni, yaani kumuunga mkono au kumpinga mgombea au chama. La pili ni utetezi wa sera: kutaka sheria, bajeti au kanuni fulani ipitishwe, ibadilishwe au ifutwe. La tatu ni maudhui: kitabu, kozi, makala au mtihani unaotoka kwenye taasisi unasema nini kuhusu jambo lenye mabishano. Taasisi yaweza kuwa kali kwenye moja na huru kwenye jingine bila kujipinga. Yaweza kupigania hadharani sheria ya hakimiliki, na bado makala zake kuhusu hakimiliki zikabeba hoja za pande zote kwa uzito unaostahili. Inayoanguka ni ile isiyojua, siku ya moto, imesimama kwenye lipi kati ya hayo matatu.

Kwenye kampeni hakuna cha kuchagua. Nchini Marekani, marufuku kwa mashirika yenye msamaha wa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3) iliingizwa mwaka 1954 kwa hoja ya Seneta Lyndon Johnson, na maandishi ya sheria hayaachi kiwango kidogo cha kuvumiliwa. Kanisa moja la jimbo la New York lililolipia matangazo ya gazeti dhidi ya mgombea urais siku nne kabla ya uchaguzi wa 1992 lilifutiwa msamaha wake, na mahakama ya rufaa ikaubariki uamuzi huo mwaka 2000. Uingereza shirika la hisani haliruhusiwi kukiunga mkono chama chochote. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inakataza mashirika hayo kuchangisha fedha au kufanya kampeni kwa ajili ya chama au mgombea. Ukiwa na shaka katika nchi yoyote, chukulia kwamba mlango huu umefungwa.

Utetezi wa sera ni habari nyingine, na hapa nchi hazifanani hata kidogo. Kanada ilikuwa na kanuni ya kwamba shughuli za kisiasa zisizidi asilimia 10 ya rasilimali za shirika. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, na mjadala wa sera usioegemea chama ukaachiwa bila kikomo ilimradi unatumikia lengo la hisani. Australia, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Aid/Watch, kwamba kuchochea mjadala wa umma kuhusu sera kwaweza kuwa kazi ya hisani yenyewe. Ujerumani ilikwenda upande wa pili: Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kodi iliamua, katika kesi ya Attac, mtandao wa wanaharakati, kwamba kushinikiza maamuzi ya kisiasa hakugeuki kuwa elimu ya siasa kwa kuitwa hivyo tu, kwa kuwa elimu lazima iache akili ya msikilizaji wazi. Taasisi yoyote inayopanga kuuweka utetezi chini ya kichwa "elimu kwa umma" ingefaa kuisoma hukumu hiyo kabla ya kuchapa kipeperushi cha kwanza, hata kama haijasajiliwa Ujerumani. Wasajili wa nchi nyingine nao wanaweza kufika kwenye hoja hiyohiyo kwa njia zao.

Njia nne

| Njia | Taasisi inasema lini | Inagharimu nini | Inafaa nani |
|---|---|---|---|
| Kimya cha taasisi | Karibu kamwe, isipokuwa kazi yake yenyewe ikitishwa | Lawama za wafanyakazi na wanafunzi | Vyuo, watunga mitihani, wachapishaji wa vitabu vya kiada |
| Kujitetea | Sheria inapogusa uwezo wake wa kufanya kazi | Kazi ya kuthibitisha kila mara kwamba inaguswa kweli | Maktaba, ensaiklopidia huru, watoa kozi huria |
| Kusimamia hoja | Mara kwa mara, kwenye sera za eneo lake | Hesabu za muda na fedha, na baadhi ya wafadhili | Taasisi za utafiti wa elimu, mashirika ya haki ya kusoma |
| Mashirika mawili | Shirika pacha ndilo linalosema | Bodi mbili, vitabu viwili vya hesabu, mwanasheria | Taasisi kubwa zenye wanachama wengi |

Jedwali hili linarahisisha mambo. Taasisi nyingi huishi katikati ya njia ya pili na ya tatu bila kujua, na hapo ndipo matatizo yanapozaliwa.

Kimya cha taasisi

Andiko maarufu zaidi la njia hii ni Ripoti ya Kalven ya Chuo Kikuu cha Chicago, ya mwaka 1967. Hoja yake ni kwamba wakosoaji wa jamii ni mwalimu mmojammoja na mwanafunzi mmojammoja. Chuo ni makao yao na mlezi wao, lakini chenyewe si mkosoaji. Kikichukua msimamo, kinawaziba mdomo walio wachache ndani yake. Harvard ilifuata mkondo unaokaribiana na huo Mei 2024, ilipoamua kwamba uongozi usitoe matamko rasmi kuhusu mambo ya umma yasiyogusa kazi ya msingi ya chuo.

Ubora wa njia hii ni kwamba ni rahisi kuieleza na inawapa uhuru walio ndani. Profesa anaweza kuandika atakacho kwa kuwa kila mtu anajua chuo hakisemi. Kwa taasisi inayotunga mitihani au vitabu vya shule za umma ni karibu lazima, kwa sababu watoto wanaosoma hawakuichagua, na mzazi wa upande wowote anatakiwa kuamini kwamba swali la tatu la mtihani halina ajenda.

Kinachoiharibu ni mwanya mdogo. Taasisi hutoa salamu za rambirambi kwa maafa ya nchi moja. Wiki tatu baadaye maafa yanatokea nchi nyingine na inakaa kimya. Kuanzia hapo ukimya wake unasomwa kama msimamo. Wengi hufikiri dawa ni kutoa matamko mengi zaidi ili kuweka usawa, na wanazidi kuzama. Dawa yenyewe inachosha: acha kutoa hata yale matamko yasiyo na ubishi, na badala yake waandikie moja kwa moja wafanyakazi na wanafunzi walioathirika, ukiwaeleza huduma watakazopata (muda wa ziada wa kazi, ushauri nasaha, kuahirishiwa mtihani). Hilo halihitaji ukurasa wa mbele wa tovuti.

Mwanya wa pili ni akaunti za mitandao. Idara ya mawasiliano inatii sera, lakini klabu, tawi au mradi wenye nembo ya taasisi unaweka bango. Andika kwa majina ni akaunti zipi zinasema kwa niaba ya taasisi, na nyingine zote ziondolewe nembo au zifuate sera ileile.

Ripoti ya Kalven yenyewe iliacha mlango mmoja: jamii, au sehemu yake, ikitishia kazi ya msingi ya chuo na uhuru wake wa kuchunguza, chuo kinawajibika kusema. Watu wengi wanaoinukuu huuruka mstari huo. Ndio unaofungua njia ya pili.

Kujitetea

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Januari 18, 2012. Wikipedia ya Kiingereza, ensaiklopidia inayoendeshwa kwa kanuni ya kutoegemea upande kwenye makala zake, ilifungwa kwa saa 24 kupinga miswada miwili ya Bunge la Marekani, SOPA na PIPA. Miswada hiyo ilidai kupambana na uharamia wa kazi za sanaa kwa kuruhusu tovuti nzima kukatwa kwenye mfumo wa majina ya tovuti na kwenye huduma za malipo. Siku mbili baadaye viongozi wa bunge waliiweka kando.

Watu hukumbuka ukubwa wa tukio, ila la kujifunza liko kwenye namna lilivyofanywa. Uamuzi haukutoka kwa mkurugenzi. Wahariri wa kujitolea zaidi ya 1,800 walijadiliana waziwazi, wengi wakaunga mkono kufunga, na shirika likatekeleza. Lengo lilikuwa miswada miwili yenye majina, si chama wala mbunge fulani. Kulikuwa na mwisho uliotangazwa mapema. Na makala kuhusu miswada yenyewe ziliachwa zikisomeka siku ile, zikiwa na hoja za wanaoitetea pia. Msomaji aliyetaka kujua upande wa pili angeupata palepale.

Linganisha na Machi 21, 2019, Wikipedia ya Kijerumani ilipofungwa siku nzima kupinga maelekezo mapya ya Umoja wa Ulaya kuhusu hakimiliki. Siku tano baadaye Bunge la Ulaya likayapitisha. Taasisi inayojitetea lazima ijue mapema itafanya nini ikishindwa, kwa sababu kesho yake itaishi chini ya sheria hiyo na kuketi meza moja na maofisa iliowapinga. Lugha ya kampeni iandikwe kwa kuikumbuka siku hiyo.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kwamba "kazi yetu" hutanuka kama ugali unaomwagiwa maji. Leo ni hakimiliki, kesho ni kodi ya vitabu, keshokutwa ni sera ya nyumba kwa kuwa mwanafunzi asiye na makazi hasomi. Kila hatua ina mantiki, na mwishoni hakuna kisichohusu elimu. Kuna kipimo kinachosaidia: anayependekeza tamko ajaze karatasi moja yenye sehemu tatu.

Kwanza, kifungu gani cha muswada au kanuni, kwa namba yake. Asipoweza kukitaja, bado hajausoma. Pili, shughuli gani ya taasisi itasimama, itapunguzwa au itapanda gharama, na mkuu wa shughuli hiyo athibitishe kwa sahihi yake. Tatu, je, taasisi ingesema hivihivi kama muswada ungeletwa na chama kingine? Swali la mwisho linaonekana jepesi, lakini ndilo linalokwamisha mapendekezo mengi. Njia nzuri ya kulijibu ni kutafuta kwenye kumbukumbu: je, serikali iliyopita ilipofanya jambo linalofanana, tulisema nini?

Tahadhari moja ya kisheria kwa walio chini ya kodi ya Marekani. Sheria hiyo haihesabu kama ushawishi (yaani kujaribu kubadilisha uamuzi wa wabunge kuhusu muswada) mawasiliano na wabunge kuhusu miswada inayogusa uhai wa shirika, mamlaka yake, wajibu wake, hadhi yake ya kodi au unafuu wa kodi kwa michango inayopokea. Ni mlango mwembamba. Muswada unaofanya programu zako ziwe ngumu au unaopunguza ruzuku haupiti hapo. Kwa hiyo "kujitetea" kwa maana ya sera yako ya ndani na kujitetea kwa maana ya mamlaka ya kodi havilingani, na sehemu kubwa ya utetezi wa njia ya pili itabidi ihesabiwe kama ushawishi wa kawaida.

Kusimamia hoja

Hapa taasisi inakubali kwamba kubadilisha sera ni sehemu ya kazi yake: inataka lugha ya kufundishia ibadilishwe, ada zifutwe, watoto wenye ulemavu wasomeshwe pamoja na wenzao. Ni njia halali katika nchi nyingi, na wanaoiogopa mara nyingi huiogopa bila kusoma sheria. Uingereza, mwongozo wa Tume ya Mashirika ya Hisani ya England na Wales unaruhusu kampeni ya kubadilisha sheria ilimradi inatumikia lengo la shirika, na ilimradi siasa isigeuke kuwa sababu pekee ya shirika kuwepo.

Marekani inatoa hesabu kabisa, na wengi hawaitumii. Shirika lisilochagua lolote linapimwa kwa kigezo cha zamani cha kwamba ushawishi usiwe "sehemu kubwa" ya shughuli zake, maneno ambayo sheria haikuyapa namba. Likijaza fomu fupi namba 5768, linahamia kwenye kipimo cha matumizi kilichowekwa mwaka 1976: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya shughuli zake, asilimia 15 ya dola 500,000 zinazofuata, asilimia 10 ya 500,000 nyingine, kisha asilimia 5 ya kilichobaki, jumla isizidi dola milioni 1. Robo tu ya kiwango hicho inaweza kutumika kuuhimiza umma uwapigie wabunge simu. Kilichobaki ni cha kuzungumza na wabunge moja kwa moja.

Taasisi inayotumia dola 800,000 kwa mwaka, kwa hiyo, inapata 100,000 kutoka sehemu ya kwanza na 45,000 kutoka ya pili. Jumla 145,000, na kati ya hizo zisizozidi 36,250 ziende kwenye wito kwa umma. Kwa taasisi ya ukubwa huo ni fedha nyingi mno. Tena kwa kuwa kinachopimwa ni matumizi, muda wa watu wanaojitolea bila malipo hauingii. Ukivuka, unatozwa asilimia 25 ya ulichozidisha. Msamaha wa kodi unapotea pale tu unapovuka kwa zaidi ya nusu ya kiwango kwa wastani wa miaka minne. Hili ni afadhali sana kuliko kusubiri afisa aamue "kubwa" ni nini. Makanisa hayaruhusiwi kuuchagua utaratibu huu. Taasisi za elimu zinaruhusiwa.

Kuna pia nafasi ya utafiti, ambayo taasisi ya elimu inaimiliki kuliko shirika lolote jingine. Uchambuzi unaoeleza ukweli kwa ukamilifu na kwa haki, kiasi cha msomaji kuweza kufikia maamuzi yake mwenyewe, hauhesabiwi kuwa ushawishi hata kama mwishoni unafikia hitimisho, ilimradi unasambazwa kwa upana na haumwambii msomaji ampigie mbunge wake. Sharti la ukamilifu lichukuliwe kwa uzito. Ripoti inayotaja takwimu za upande mmoja na kuficha za pili haifuzu, na hata ingefuzu, mchambuzi wa wizara ataikamata siku ya kwanza na hatafungua tena ripoti zako.

Yanayokwenda vibaya kwenye njia hii ni ya kiuhasibu kabla hayajawa ya kisiasa. Afisa programu anakwenda bungeni Jumanne na kurudi Jumatano, lakini karatasi ya muda inaonyesha wiki nzima ya "mafunzo ya walimu". Ruzuku iliyokataza ushawishi ndiyo iliyolipa nauli yake. Mkaguzi anagundua mwaka unaofuata na mfadhili anadai fedha zake. Kwa hiyo kabla ya kuanza: kila mfanyakazi ajaze muda kwa siku, akiwa na msimbo tofauti wa kuzungumza na wabunge, wa wito kwa umma na wa utafiti, gharama za pamoja kama pango na umeme zigawanywe kwa uwiano huohuo, na kila mkataba wa ruzuku usomwe kutafuta neno linalozuia. Fedha za utetezi zitoke kwenye michango isiyo na masharti. Kwa sheria ya Marekani, wakfu binafsi hauruhusiwi kutenga ruzuku kwa ajili ya ushawishi, ila unaweza kutoa ruzuku ya uendeshaji wa jumla na shirika likaamua lenyewe.

La pili ni ukuta kati ya dawati la utetezi na dawati la maudhui. Taasisi inayopigania sera na wakati huohuo inaandika vifaa vya kufundishia inahitaji ukuta huo kwa maandishi: anayeandika tamko asihariri moduli ya somo lilelile, na mhariri wa moduli awe na haki ya kukataa maombi ya mkurugenzi bila kuadhibiwa. Wajerumani wana kipimo kizuri cha darasa kilichopatikana mwaka 1976 mjini Beutelsbach, na bado kinatumika: mwanafunzi asizidiwe nguvu kwa maoni ya mwalimu; jambo lenye mabishano katika jamii na taaluma lionyeshwe hivyo darasani; na mwanafunzi awezeshwe kuchambua hali na maslahi yake mwenyewe. England ina takwa linalokaribia hilo kwenye Sheria ya Elimu ya 1996, inayokataza kutangaza mitazamo ya vyama katika ufundishaji na kutaka masuala ya kisiasa yawasilishwe kwa mizani. Mizani hiyo isieleweke vibaya. Jambo ambalo wanasayansi wamekubaliana halihitaji nusu ya ukurasa kwa mpinzani mmoja. Kinachohitaji pande zote ni swali la "tufanye nini", ambako watu wenye ukweli uleule wanatofautiana kwa haki.

Mashirika mawili

Njia hii huelezwa kama suluhisho safi: shirika la elimu linabaki kimya, pacha lake lisilo na msamaha uleule wa kodi linapiga kelele. Marekani pacha huwa la kifungu cha 501(c)(4), linaloweza kufanya ushawishi bila kikomo kwa ajili ya lengo lake, ila michango yake haimpi mtoaji nafuu ya kodi. Amnesty International nchini Uingereza ina mgawanyo unaofanana, wakfu wa hisani upande mmoja na chombo cha kampeni upande wa pili.

Kwa taasisi yenye wafanyakazi chini ya ishirini hivi, sishauri. Unahitaji bodi mbili zenye mihutasari tofauti, akaunti mbili za benki, mkataba wa kugawana wafanyakazi wenye kiwango cha saa, pango linalolipwa kwa bei halisi, na orodha ya barua pepe inayouzwa au kukodishwa kwa bei ya soko, si kupewa bure. Kila kimoja kikisahauliwa, shirika la elimu linakuwa limemfadhili pacha wake, na ulinzi wote unaporomoka. Tena umma hausomi hati za usajili. Majina yakifanana na nembo zikifanana, kauli ya pacha ni kauli yako.

Muungano wa mashirika ni nafuu zaidi, nao una masharti yake: saini barua mojamoja na usitoe idhini ya jumla, tenga saa 48 za kusoma kabla ya kusaini, na uwe na haki ya kuondoa jina lako. Uingereza, wakati wa kipindi cha uchaguzi kinachosimamiwa kisheria, mashirika yanayoendesha kampeni ya pamoja huhesabiwa matumizi yao kwa pamoja, kwa hiyo bajeti ya mwenzako yaweza kukupandisha juu ya kiwango usichokitarajia.

Msimu wa uchaguzi, kwa njia zote nne

Mamlaka ya kodi ya Marekani ilitoa mwaka 2007 uamuzi wenye mifano 21 ya kilicho na kisicho kampeni. Ni mwongozo mzuri hata nje ya nchi hiyo, kwa sababu unaingia kwenye mambo madogo. Mmoja unahusu rais wa chuo aliyemuunga mkono mgombea kwenye safu yake ndani ya jarida la chuo na kulipa gharama za ukurasa huo kutoka mfukoni mwake. Haikumsaidia: jarida ni la chuo, na ikahesabiwa kampeni. Mkurugenzi anayetaka kusema kama mtu binafsi atumie jukwaa lisilo la taasisi, na cheo kikitajwa, kitajwe kwa ajili ya utambulisho tu, tena kwa maneno wazi.

Midahalo ya wagombea ni kazi halali ya elimu. Waalike wote wanaokidhi kigezo ulichoandika kabla ya kujua nani atakidhi, maswali yagawanyike kwenye mada nyingi, msimamizi asionyeshe kukubali wala kukataa jibu, na kila mmoja apate muda uleule. Akikubali mmoja tu kuja, ahirisha. Watu wengi huendelea kwa sababu ukumbi umeshalipiwa, na wanaishia na mkutano wa mgombea. Kwenye dodoso, chapisha majibu kama yalivyoandikwa. Ukifupisha, umeanza kuchagua.

Kauli ya sera huanza kunusa kampeni pale inapotaja jina la mgombea, inatoka karibu na siku ya kura, inataja upigaji kura, na inagusa jambo linalotenganisha wagombea. Inasalimika zaidi kama ni sehemu ya mfululizo ulioanza kabla ya msimu, au kama imefungamana na tarehe isiyo ya uchaguzi, mfano siku ya kupigia kura muswada bungeni. Ndiyo maana kalenda ya utetezi inapaswa kuandikwa mwaka kabla ya uchaguzi: ripoti iliyopangwa Februari na kutoka Februari ina ushahidi wake kwenye kalenda.

Uamue kwa kuangalia nini

Anza na msomaji au mwanafunzi. Kama ni mtoto, au hakukuchagua, njia ya kwanza, na mlango wa Kalven uandikwe kwenye sera. Kama maudhui yako yanaandikwa na watu wengi wa kujitolea, njia ya pili, lakini kwa sharti kwamba wao washiriki uamuzi. Kuwasemea bila kuwauliza kutakupotezea wahariri kuliko muswada wowote. Kama lengo lililomo kwenye katiba yako lenyewe ni kubadilisha hali fulani ya elimu, ya tatu ni yako, na kujificha nyuma ya maneno laini hakumdanganyi msajili wala mpinzani. Ya nne ije baada ya miaka kadhaa ya kuifanya ya tatu vizuri, pale kiwango cha matumizi kinapokubana kweli.

Kisha angalia mapato. Taasisi inayotegemea mkataba mmoja wa serikali kwa zaidi ya nusu ya bajeti haiko huru kuifuata njia ya tatu, sera yake iandike vyovyote. Ipanue mapato kwanza, au ikubali njia ya kwanza bila kuona haya.

Sera yenyewe isizidi kurasa mbili: njia iliyochaguliwa, karatasi ya sehemu tatu, majina ya vyeo viwili vinavyoidhinisha tamko (kimoja kiwe cha mjumbe wa bodi asiye mfanyakazi), saa za kujibu, orodha ya akaunti rasmi, na daftari la maombi yote, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu. Daftari ndilo linalosaidia kuliko vyote mtu atakapouliza mbona mlisema kuhusu lile na si kuhusu hili. Bodi iipitie kila baada ya miaka miwili, na isiibadilishe ndani ya miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu. Mabadiliko ya kipindi hicho, hata yenye nia njema, yatasomwa kama yametungwa kwa ajili ya mtu.